Binti wa baba yangu wa ubatizo

SAFU YA SHANGAZI

Shangazi, shikamoo. Au kama tusemavyo huku kwetu, mbukwenyi.

Mimi ni kijana wa miaka 28, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Mvumi, Mwanglikana tangu utotoni. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tatu, mama akafuata nikiwa la saba. Baba mdogo alikuwa ameshahamia Kiteto na mifugo yake, hakuja kunichukua. Aliyenichukua ni baba yangu wa ubatizo. Nilikaa kwake miaka sita, akanisomesha mpaka chuo cha ualimu, hata suti ya mahafali alininunulia yeye. Yeye na mke wake nawaita baba na mama, na hapa Mvumi hakuna anayeshangaa.

Baba ana binti. Sasa ana miaka 24, anamalizia masomo ya uuguzi. Miaka miwili iliyopita, nikiwa nimepata ajira na nimepanga chumba changu, mapenzi yetu yalianza rasmi. Tunataka kuoana. Baba bado hajui.

Tatizo ni mzee mmoja wa kanisa. Alisikia kwa wanakwaya, akanivuta pembeni baada ya ibada, pale chini ya mti tunapoegesha baiskeli. Akasema kanisa ni familia, aliyesimamiwa ubatizo na baba fulani ni ndugu wa watoto wa baba huyo, na kumwoa binti yule ni sawa na kumwoa dada yangu. Akaongeza kwamba tukithubutu kusomewa matangazo ya ndoa atasimama mbele ya watu apinge. Usiku silali. Je, ni dhambi? Na kama si dhambi, nitamwambiaje baba? Na siku ya posa nani atasimama upande wangu, ikiwa baba niliyemtegemea ndiye baba wa binti?

Ni mimi, Mtoto wa Kupewa, Mvumi.

SHANGAZI ANAJIBU

Mbukwa, mwanangu.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi, kwa sababu ndilo jepesi. Si dhambi. Lakini usimcheke mzee wako, maana hakuliokota njiani. Sheria ya namna hiyo iliwahi kuwepo. Mwaka 530 Kaisari Justiniani alikataza mwanamume kumwoa msichana aliyemsimamia ubatizo. Karne zikapita, kamba ikazidi kurefushwa, mpaka watoto wa kuzaliwa wa msimamizi wakahesabiwa ndugu wa yule aliyebatizwa, nao wasioane. Hiyo ni kesi yako yenyewe, neno kwa neno. Mwaka 1563 Wakatoliki, katika Mtaguso wa Trento, waliona imezidi, wakaikata hiyo ya watoto. Mwaka huohuo wa 1563, kule Canterbury, Askofu Mkuu Matthew Parker alitoa orodha yake ya watu wasioruhusiwa kuoana, ile iliyokuja kuchapwa katika vitabu vya sala na kubandikwa makanisani. Mama wa kambo yumo, shangazi yumo, mkwe yumo. Binti wa baba wa ubatizo hayumo. Na Dayosisi yenu ya Central Tanganyika, tangu Askofu Chambers alipoianza mwaka 1927, imetoka katika ukoo huo wa Canterbury.

Wakatoliki walibaki na vipande vichache, kimojawapo kwamba msimamizi mwenyewe asimwoe aliyemsimamia, nacho wakakifuta kwa kanisa lao la Kilatini mwaka 1983. Waorthodoksi wengine wangali wanashika ya zamani. Serikali nayo, katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inakataza ndugu wa damu wa karibu, inakataza wakwe fulani, inakataza mtu na mzazi wake wa kuasili. Ubatizo haikuutaja. Basi mzee akisimama siku ya matangazo, mchungaji atamwuliza kizuizi ni kipi, naye atakuwa ameshika hoja iliyozikwa miaka zaidi ya 450 iliyopita, tena ilizikwa na wenyewe walioizaa.

Nawe mwulize kwa adabu swali dogo. Kama wote waliobatizwa ni ndugu, yeye alimwoa nani? Mkewe hakubatizwa? Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9, anazungumzia haki ya kusafiri na mke aliye pia dada katika imani, kama alivyofanya Kefa. Dada na mke, mtu mmoja, wala hakuona ajabu. Enzi za TANU nchi nzima tuliitana ndugu, kuanzia mwenyekiti wa tawi hadi Mwalimu mwenyewe. Sijasikia aliyekatazwa kuposa eti kwa kuwa binti ana kadi ya chama.

Kuna mfano wa karibu zaidi. Pale Bagamoyo, kuanzia mwaka 1868, mapadre wa Roho Mtakatifu walikusanya watoto waliokombolewa utumwani. Wengi walichukuliwa wadogo mno hata hawakuweza kusema kwao ni wapi. Ukoo wao ukawa misheni. Waliokuwa wakiitwa baba ni mapadre. Walipokua waliozwa wao kwa wao, wakajengewa nyumba katika kijiji cha Wakristo, na baadhi ya familia hizo ndizo zilizopelekwa bara kuanzisha vituo kama Mhonda. Kama kulelewa na baba mmoja wa kiroho kungekuwa kizuizi, kijiji kile kingekufa na kizazi chake cha kwanza.

Hayo ya sheria yameisha. Sasa tuje kwenye yale ambayo hukuniuliza.

Umeandika kwamba mapenzi yenu "yalianza rasmi" miaka miwili iliyopita. Neno hilo nimelisoma mara tatu. Kabla ya rasmi kulikuwa na nini? Ulipohamia nyumba ile yeye alikuwa mtoto wa miaka kumi. Ulipotoka alikuwa na kumi na sita. Kama katika miaka hiyo sita kuna lolote ambalo usingependa mama yake alisome hapa gazetini, basi mzee wa kanisa ana haki ya kukukasirikia, ingawa amekosea sababu, na mimi nitakuwa upande wake. Kama hakuna, ukitazamwa usoni useme hakuna, moja kwa moja, bila neno rasmi ndani yake.

Ninavyomsoma mzee yule, hofu yake siyo Justiniani. Anaona mbali kidogo. Leo kijana yatima amepokelewa nyumbani kwa Mkristo, kesho ametoka na binti wa nyumba. Keshokutwa mwinjilisti anatangaza kwamba kuna mtoto amefiwa, nani atampokea, na kila mwenye binti anaangalia viatu vyake. Hiyo hofu ina akili. Familia ya kanisa hapo kwenu haikai kwenye mahubiri, inakaa kwenye sinia. Inakaa kwenye ule ugali wa uwele na mlenda ambao mama yule alikata sehemu ya wanawe akakusogezea, mwaka wa njaa kama mwaka wa mavuno, na Ugogo mnajua mvua inavyoweza kugoma. Ukivunja imani ya sinia, umewanyima yatima watakaokuja nyuma yako.

Niliijua familia hiyo siku mama yangu alipofariki. Saa kumi na moja alfajiri nilisikia mtu anakohoa uani. Alikuwa mama yangu wa ubatizo, amejifunga khanga mbili, debe la unga kichwani, ametembea gizani na fimbo. Hakunipa pole. Alipita moja kwa moja jikoni, akayatazama mafiga, akasema hili moja ni fupi, sufuria la msiba litamwagika, tafuta jiwe. Ndugu wa damu walifika saa nne, na mmoja wao, simtaji, aliuliza kiwanja kimeandikwa jina la nani kabla hajauliza kaburi linachimbwa wapi. Kwa hiyo mtu akiniambia undugu wa ubatizo ni maneno ya kanisani tu, nalikumbuka lile jiwe. Lakini sikumbuki siku mama yule alipodai kwamba kwa sababu ya unga wake nisiolewe na fulani. Undugu wake ulikuwa wa kubeba.

Sasa baba. Anatakiwa ajue wiki hii, na ajue kutoka kwako. Habari iliyofika kwa wanakwaya imeshatoka mikononi mwako. Muujiza ni kwamba bado haijamfikia. Najua mila inasema kijana haendi mwenyewe kwa baba mkwe na habari ya kuoa, anatuma mshenga. Lakini wewe kwanza ni mtoto wa nyumba hiyo. Nenda kama mtoto, jioni, mkiwa wawili, umwambie kabla hujamtuma mtu yeyote. Mshenga aje baadaye, siku utakapokwenda kama mkwe. Ukizichanganya siku hizo mbili, ukampelekea mshenga mtu aliyekununulia suti, utakuwa umemfanya mgeni katika maisha yako, na hilo litamuuma kuliko habari yenyewe. Binti naye, usiku huohuo, azungumze na mama yake.

Na hapo ndipo penye tundu la barua yako. Baba umemtaja karibu kila aya, na mzee wa kanisa umemweleza mpaka mti aliosimama chini yake. Binti mwenyewe anasemaje? Anaogopa? Yuko tayari kumkabili baba yake, au anangoja wewe usukume? Baba akikataa, wewe utarudi chumbani kwako ulikopanga. Binti atakuwa amelala chini ya paa la baba huyohuyo. Kabla ya kwenda popote, muulize anataka iwe siku gani.

Umeniuliza nani atasimama upande wako. Swali zuri, tena linachekesha kidogo. Mahari ya Kigogo hukusanywa na ndugu wa mwoaji na kugawanywa kwa ndugu wa mwolewaji. Wewe ulitegemea baba ndiye akuchangie. Basi ng'ombe watoke zizini kwake, wazunguke nyumba mara moja, warudi zizini kwake! Hata huko Mvumi, ambako mwaka 1986 Serikali iliondoa mifugo yote chini ya mpango wa HADO ili kuiponya ardhi iliyoliwa na makorongo, sidhani mazizi yaliwahi kuona mahari ya aina hiyo.

Baba akae upande wa binti, ndiko anakopaswa kuwa. Upande wako wapo watu wawili ambao barua yako imewapita.

Wa kwanza ni baba yako mdogo wa Kiteto. Najua hakuja kukuchukua. Nimeisoma ile sentensi na nimeisikia ilivyo baridi. Lakini usikubali kanisa liwe jina la kumkimbia mtu unayemdai neno. Nenda ukamwone. Pengine ana sababu, pengine hana, pengine ameona aibu miaka kumi na minne akawa hajui pa kuanzia. Usianze na habari ya ng'ombe. Kaa naye siku mbili, mpeleke kaburi la kaka yake kama atakubali kuja, kisha ndipo umwambie una mchumba. Akikufukuza, utakuwa umekwenda, na wazee wa Mvumi watajua ulikwenda. Tena baba yako wa ubatizo atakuheshimu zaidi ukiwa umemtafuta ndugu wa marehemu rafiki yake kuliko ukija peke yako kama mtu aliyeota shambani.

Wa pili, hapa wengi husahau. Kitabu cha Sala cha Kianglikana, kwa utaratibu wake wa zamani, kinataka mtoto wa kiume asimamiwe na baba wa ubatizo wawili na mama mmoja. Mmoja ndiye aliyekulea. Je, yule mwingine? Huenda yupo Handali, huenda yupo Dodoma mjini anauza vipuri, huenda ametangulia mbele ya haki. Aliweka ahadi ileile, siku ileile, mbele ya kisima kilekile cha ubatizo, na kama utaratibu ulifuatwa, kwa miaka 28 hakuna aliyemdai chochote. Kama yu hai, huyo ndiye wa kuketi mkekani upande wako, na mama wa ubatizo kando yake.

Kitafute cheti chako cha ubatizo. Kama kimepotea, mwombe mchungaji afungue daftari la parokia la mwaka wako. Majina ya wasimamizi huandikwa karibu na jina la mtoto. Mzee wa kanisa mwombe mwende pamoja, asome kwa macho yake. Ukilipata jina la pili, niandikie.

Shangazi