Julai, Njombe: Utavaa Nini?

Umechaguliwa kidato cha tano. Hongera! Unaangalia orodha ya shule, kidole kinasimama kwenye Njombe. Wewe umekulia Tanga au Dar es Salaam, na sweta pekee ulilonalo ni lile la shule ya msingi, ambalo hata hivyo lilikuwa la mapambo tu. Kidato cha tano mara nyingi huripoti Julai, yaani katikati ya kipupwe. Jamani, unaanzia wapi?

Anza na jiografia. Ukipanda kutoka usawa wa bahari, joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000. Piga hesabu: nyuzi kama 13 zimeshaondoka kabla hata upepo haujaanza kuvuma. Kule Makete, kwenye uwanda wa Kitulo, kuna asubuhi ambazo nyasi hufunikwa na umande ulioganda ukawa mweupe. Kwa hiyo ukiwaona wenyeji na makoti yao saa sita mchana, usicheke.

Mwili wako unataka kubaki kwenye nyuzi 37 hivi. Nguo haina joto lake yenyewe. Kazi yake ni kuzuia hewa iliyokwisha kupashwa na ngozi yako isikimbie. Ndiyo maana nguo tatu nyepesi, moja juu ya nyingine, mara nyingi hulishinda koti moja zito. Kati ya nguo na nguo kuna hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Tena ukianza kutoka jasho, unavua moja, basi.

Huamini? Chukua makopo matatu yanayolingana, yenye vifuniko. Jaza maji ya moto. Moja liache wazi, la pili lifunge kwa fulana mbili kavu, la tatu kwa fulana mbili kama hizo zilizoloweshwa na kukamuliwa. Weka yote penye upepo. Azima kipimajoto maabara, pima kila baada ya dakika 10. Utaona kwamba nguo iliyolowa haikulindi. Inaweza hata kukupoza haraka kuliko kukaa wazi, kwa sababu maji yanapokauka yanaondoka na joto.

Basi ukifika mitumbani usikimbilie jaketi la kuuzia sura. Anzia ndani kwenda nje. Ndani kabisa, fulana ya mikono mirefu inayoshika mwili bila kubana. Juu yake sweta. Ukibahatika kupata la sufu, usiliache, maana sufu hutunza joto hata ikipata unyevu kidogo, wakati pamba ikilowa ni hasara. Juu kabisa, jaketi jepesi la kuzuia upepo. Namna ya kulijaribu: weka mdomo kwenye kitambaa, puliza. Ukihisi pumzi upande wa pili, upepo wa Njombe nao utapita hapohapo. Ongeza kofia ya sufu na soksi nzito. Usivae soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana, kwani damu haitembei vizuri na vidole vitazidi kupoa. Wasichana, muulizeni matroni mapema kama taiti ndefu inaruhusiwa chini ya sketi. Na kila cha mtumba kifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kuvaliwa.

Balaa kubwa linakuja na mchakamchaka. Unakimbia na fulana, unalowa jasho, halafu unasimama mstarini dakika ishirini unatetemeka. Kuwa na fulana ya kukimbilia na nyingine kavu ya kubadili. Usiku pia: nguo ulizoshinda nazo zina jasho hata kama hulioni, kwa hiyo tenga za kulalia tu.

Halafu kuna hili ambalo wengi wanaona aibu kulisema. Kipupwe nguo hazikauki. Chupi inaweza kukaa kambani siku mbili. Mtu anachoka kusubiri, anaivaa na ubichi wake, au anaificha chini ya godoro. Unyevu na joto la mwili ndivyo fangasi wanavyovipenda. Beba chupi za kutosha wiki nzima, na zianike juani. Ukiona haya, tandika kanga nyepesi juu yake. Vitambaa vya hedhi ni hivyohivyo.

Kama una siko seli, baridi inaweza kukuamshia maumivu makali. Kama una pumu, hewa baridi inaweza kukubana kifua. Mwambie matroni au patroni siku ya kwanza, usisubiri uzidiwe.

Sasa sikilizeni. Mavazi yakipungua, watu hutafuta njia nyingine, na njia mbaya kuliko zote ni kuingiza jiko la mkaa bwenini na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inajishikiza kwenye damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, hivyo oksijeni inakosa nafasi. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi. Aliyelala anaweza asiamke kabisa. Jiko lisilotoa moshi nalo linaua vilevile.

Ukiingia chumba chenye jiko ukakuta mwenzako kalegea, fungua milango na madirisha, mtoeni nje haraka, itaneni, apelekwe hospitali hata kama amezinduka. Na kama baridi inawashinda, lalamikeni kwa kiranja na patroni kuhusu blanketi na vioo vya madirisha vilivyovunjika. Usiku jaza chupa imara maji ya moto yasiyochemka, ifunge vizuri, izungushie soksi, iweke miguuni.