PUNDA AKIZEEKA, TUMTUNZE VIPI?

Somo letu la leo ni punda mzee. Hapa Buna kisima kikiwa mbali, ni punda anayeleta maji nyumbani. Siku akianguka, mama atabeba jerikeni mgongoni, na mara nyingi binti ataachishwa shule amsaidie. Kwa hiyo jambo hili si dogo.

Punda akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 25 na zaidi. Akibebeshwa kupita kiasi na kupigwa, huchakaa mapema. Akianza kwenda pole pole, si ati amekuwa mvivu. Punda huficha maumivu. Ukiona anachechemea, huenda ameumia siku nyingi. Basi weka fimbo chini, umwangalie kwanza.

TUANGALIE NINI?

1. Meno. Meno ya punda mzee huchakaa, mengine hutoka na mengine huwa na ncha kali za kumkata mdomoni. Dalili zake: anatema madonge ya nyasi aliyotafuna nusu, mavi yana majani marefu, na anakonda hali malisho yapo. Usimng'oe meno kwa koleo. Mwite afisa wa mifugo. Nyumbani mkatie nyasi fupi fupi, twanga maganda ya migunga, au mpe pumba iliyolowekwa, kidogo kidogo.

2. Miguu. Ondoa mawe katika kwato kila siku. Kwato zikirefuka au kupasuka, zikatwe na mtu aliyefundishwa. Asiyeweza kuinuka vizuri asubuhi huenda ana maumivu ya viungo. Mlaze penye mchanga laini, ndani ya boma, maana hawezi tena kumkimbia fisi.

3. Mgongo. Punda aliyekonda mifupa yake hutokeza, na kamba humchubua upesi. Weka matandiko manene na makavu. Penye kidonda pasiwekwe mzigo mpaka papone.

4. Kula na kunywa. Kwenye birika wenye nguvu humsukuma mzee. Mnyweshe peke yake. Akikataa kula siku nzima, usingoje kesho; punda asiyekula anaweza kufa kwa siku chache tu.

MZIGO WAKE

Lita moja ya maji ni kilo moja. Jerikeni nne za lita 20 ni kilo 80, na punda wetu wengi hawafiki kilo 150. Hata mwenye nguvu zake kilo 50 zinamtosha. Mzee apewe jerikeni mbili zisizojaa, moja kila upande, na apumzike njiani. Akishindwa na hizo, apumzishwe kabisa.

TUPANGE MAPEMA

Mimba ya punda ni karibu miezi 12, na mtoto wake asibebeshwe mizigo mpaka afike miaka 4 hivi. Kwa hiyo anayemngoja mzee aanguke ndipo atafute mwingine amechelewa miaka 5. Kununua nako si rahisi. Tangu vichinjio vya punda vilipofunguliwa Kenya mwaka 2016, wengi walichinjwa, na wengine kuibwa, kwa ajili ya ngozi. Mwaka 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia biashara hiyo, lakini waliokwisha kuchinjwa hawarudi. Kikundi kinaweza kuchanga pole pole kununua punda jike kijana, au kupeana zamu ili mzee wa mwenzetu apumzike.

Wahenga walisema, asante ya punda ni mateke. Lakini tukimtumia miaka 20 kisha tukamfukuza usiku kwa fisi, anayepiga mateke ni nani?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu kuna punda wazee wangapi? Nani amewaangalia meno?
2. Punda wetu hubeba jerikeni ngapi kwa safari moja?
3. Mmoja akianguka leo, nani ataleta maji kesho?