Maji ya Udhu na Malezi ya Watoto Nyumbani

Katika darasa letu la wanawake, mama mmoja alituletea suali ambalo tumeona si vyema kulijibu kwake peke yake. Alisema ana mtoto mwanamume wa miaka tisa. Alhamdulillahi mtoto ameipenda Sala, walakini kila atawadhapo humaliza nusu ya ndoo. Na maji hayo mama huyanunua kwa mtungi kutoka kwa wenye mikokoteni, kwa kuwa mfereji wa nyumba yao hutoa maji siku mbili tu katika juma. Akimkanya, mtoto humjibu kuwa mwalimu amesema udhu lazima uenee. Basi akauliza: Nikimpunguzia maji, je, huwa nimemzuilia ibada?

Jawabu ni kuwa hakumzuilia ibada, bali amemkamilishia. Mtoto amesema kweli kwamba udhu lazima uenee, na mwalimu wake pia amesema kweli. Lakini kuenea ni maji kufika pahali pote panapopasa kuoshwa, na kiganja cha maji kikisuguliwa kwa mkono hufika. Maji yanayomwagika kutoka kwenye kiwiko hadi sakafuni hayaenezi kitu ila sakafu.

Anas bin Malik (r.a.) amepokea, na hadithi imo katika Bukhari na Muslim, ya kuwa Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akioga kwa saa moja mpaka mudi tano. Mudi ni robo ya saa, kama vile kibaba kilivyo robo ya pishi, na kila aliyepima Zakatul-fitri nyumbani kwake akijua hesabu hii. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mudi yakadiriwa baina ya nusu lita na robo tatu ya lita. Basi udhu wa Mtume haukufika lita moja, na kuoga kwake kwa janaba hakukufika lita nne. Bukhari amepokea tena kwamba Jabir bin Abdillahi (r.a.) aliulizwa juu ya kuoga, akajibu kuwa saa moja yatosha. Mtu mmoja akasema kuwa yeye haimtoshi. Jabir akamrudi kwamba ilimtosha aliyekuwa na nywele nyingi kuliko yeye na aliyekuwa bora kuliko yeye.

Ama ile hadithi mashuhuri ya kukatazwa israfu katika udhu hata mtu akiwa kwenye mto uendao, imo katika Ibnu Maja, na wanavyuoni wameitia dosari sanadi yake. Hatuna haja ya kuitegemea. Imamu Nawawi ameeleza katika sherehe yake ya Muslim kwamba wanavyuoni wameafikiana kukataza israfu ya maji hata kwa aliye ufukoni mwa bahari, na yaliyo dhahiri kwake ni kuwa ni makuruhu. Hayo ni maji ya mtu mwenyewe. Maji ya msikiti yaliyowekwa wakfu kwa ajili ya kutawadhia hukumu yake ni nzito zaidi; kuzidisha juu ya mara tatu kwa maji hayo wanavyuoni wa madhehebu yetu wamekuharamisha. Wazee wanaowapeleka watoto msikitini siku ya Ijumaa, wakawaacha wakichezea mifereji huku wao wamekwisha ingia ndani, na walifikiri hili.

Niliporudi nyumbani baada ya darasa ile nalimwita mwanangu wa miaka kumi. Nikaweka ndoo chini ya mfereji nikamwambia atawadhe kama desturi yake. Alipomaliza tulipima: lita tisa. Kisha nikampa kopo la lita moja. Akatawadha mara tatu tatu, akaenea, na maji kidogo yakasalia katika kopo. Akanitazama kama niliyemfanyia kiini macho. Halafu akaniambia: “Na wewe, Baba, tia ndoo.” Sikuwa na budi. Zangu zilikuwa lita saba. Nimesomesha mlango wa tahara kwa miaka mingi, na naandika haya nikiona haya.

Naamini sababu ni chombo. Wazee wetu wa Lamu na Mombasa walikuwa na mtungi na kata ya kifuu, na katika nyumba za mawe za Lamu mna birika humo bafuni, na watu wakitia vijisamaki ndani yake vile viluwiluwi vya mbu. Aliyechota kata mbili alijua kuwa amechota mbili, na aliyemaliza maji ya mtungi alijua ni nani atakayekwenda kisimani. Sithubutu kusema kuwa wote walikuwa wachamungu kutushinda sisi. Kata yao ina mwisho, na mfereji wetu hauna mwisho mpaka siku unapokauka. Kwa hiyo namna ya kumfundisha mtoto si kumkemea mlangoni mwa bafu, ni kumrudishia kipimo: apewe kopo lake mwenyewe, lijulikane kuwa ni lake.

Kopo lina faida nyingine, nayo ni ya kifiqhi. Twajua kwamba kwa madhehebu yetu, mwenye kutawadha kwa maji machache yasiyofika kula mbili, akiosha uso kisha akatia mkono ndani ya ndoo bila nia ya kuchota, maji yale huwa yametumika, wala hayafai tena kwa udhu. Wako watu ambao kwa shaka hii huimwaga ndoo nzima na kuanza upya. Mtoto anayeyaona hayo hujifunza wasiwasi badala ya tahara. Achote kwa kopo, na shaka itaondoka.

Na maji yaliyotumika katika udhu, ijapokuwa hayatwaharishi tena, yenyewe ni tahiri. Basi kwa nini yaende shimoni? Mtoto atawadhe juu ya beseni, kisha ayapeleke kwenye mkungu wa mrehani au shina la asmini, na yaliyooshewa mchele yafuate huko huko. Haya watoto huyafanya kwa furaha, kwani huona mti ukimea kwa mkono wao. Lakini asichanganye na maji yaliyooshewa najisi, na hapa ndipo mahali pa kumfundisha tofauti ya maji tahiri na maji najisi kwa macho yake, nayo ni mas’ala ambayo chuoni huyakariri mwaka mzima bila ya kuyaelewa.

Jambo ambalo lanitia uzito zaidi ni hili. Katika nyumba zetu nyingi mwana mwanamke ndiye atekaye maji na ndiye aambiwaye ayahifadhi. Nduguye mwanamume huita maji, yakaletwa, akayamwaga. Yule mtoto wa miaka tisa tuliyeanza naye, nalimwuliza mama yake ni nani apandishaye mtungi ghorofani. Akasema ni dada yake. Basi dawa ya kwanza ni yeye mwenyewe apandishe, kwa kiasi cha nguvu zake. Mtungi wa lita 20 una uzani wa kilo 20. Na umri huo hauwezi, lakini lita tano aweza. Atakapozipandisha ngazi tatu, hapana haja ya hotuba.

Tena mtoto aelezwe maji yatoka wapi, maana wa mjini hudhani yatoka ukutani. Aambiwe kuna milima ya Chyulu, ambako mvua huzama katika mawe ya volkano ikatoka tena chini yake katika chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Na kwamba bomba lililojengwa katika miaka ya 1950 huyaleta maji hayo Mombasa kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Aambiwe pia juu ya visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na visima vya Tiwi. Na akionjeshwa maji ya kisima cha hapa mjini, ataelewa kwa ulimi wake kwamba bahari i karibu, na kuwa kisima kikivutwa kupita kiasi chumvi huingia.

Lakini nawatahadharisha wazee: kuhifadhi maji si kumnyima mtoto usafi. Mikono ioshwe kabla ya kula na baada ya choo, na istinja itimizwe. Mama akiona mtoto anaacha kuosha kwa kuogopa kukemewa, basi amekwisha pita mpaka, na alegeze.

Yule mama alirejea juma la pili. Alisema mtoto amelipenda kopo lake, ila sasa amekuwa hakimu wa nyumba nzima, na amemwambia babake mbele ya wageni kuwa hutawadha kwa israfu. Akataka kujua kama amkanye kwa utovu wa adabu. Nikamwambia amfundishe kusema faraghani, kwa upole, na baba naye apewe kopo. Sikumwambia kwamba nyumbani kwangu mfereji wa bafu ulikuwa ukidondoka tangu mwezi wa Rajabu, na kwamba mwanangu alikuwa ameweka ndoo chini yake, na kila asubuhi akinipa hesabu. Siku ya tatu nilimwita fundi.