AKIUNGUA, MAJI KWANZA: DAKIKA 20

Kwenye kituo cha afya tunaletewa mtoto aliyeungua, na kazi ya kwanza inakuwa kumbandua vitu alivyopakwa nyumbani. Dawa ya meno. Unga wa ngano. Ute wa yai. Analia mara ya pili, na aliyempaka analia naye, maana alitaka kumsaidia. Dawa ilikuwa pale pale jikoni, ndani ya ndoo.

Chai, uji au mafuta yakimmwagikia

Mtoe kwenye moto. Mmwagie maji baridi palipoungua, papo hapo, dakika 20. Kata moja haitoshi. Atapiga kelele, majirani watakwambia umkimbize hospitali. Maliza dakika 20 kwanza. Sufuria ya maharage ikiepuliwa huendelea kuchemka. Na mwili uliomwagikiwa chai huendelea kuungua hivyo hivyo mpaka upozwe.

Huku maji yanamwagika, mvue nguo, pete, bangili na shanga kabla hajavimba. Nguo iliyogandana na ngozi iache.

Hamna bomba?

Weka beseni chini, chota kwa kopo, mwagia, chota tena. Mkono au mguu unaweza kuuzamisha. Maji yakiwa vuguvugu, badilisha. Dakika 20.

Umechelewa?

Mwagia tu. Mpaka masaa 3 tangu aungue, maji bado yanasaidia.

Barafu

Usiweke kabisa, huumiza ngozi zaidi.

Usipake

Usipake dawa ya meno. Usipake mafuta, siagi, unga, yai, majivu wala mkojo. Usibandike pamba. Usitumbue malengelenge. Usipake dawa ya meno hata kama jirani anaapa ilimponya mwanawe. Mama mkwe akikuletea, ipokee kwa heshima, uiweke kando, umwombe akushikie mtoto wakati wewe unamwaga maji.

Mtoto mchanga

Lowesha palipoungua tu. Kwingine mfunike kanga kavu, maana mwili wake hupoa upesi. Akitetemeka au akilegea, acha maji, mfunike, mpeleke kituoni haraka. Usimtumbukize mzima kwenye maji baridi.

Baada ya dakika 20

Funika kidonda kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi za kunata. Nenda kituo cha afya bila kusubiri kesho kama ni mtoto mdogo; kama ni uso, mikono, nyayo, maungio au sehemu za siri; kama pameungua zaidi ya upana wa kiganja chake; kama ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na hasikii maumivu; kama amevuta moshi. Aliyenaswa na umeme usimguse kabla ya kuzima swichi kuu, na hospitali aende hata kama kidonda ni kidogo. Huko ulizia sindano ya pepopunda.

Leo, kabla ya kuwasha jiko

Jaza ndoo maji, ifunike vizuri mtoto asije akatumbukia, weka kopo juu yake. Mwonyeshe dada wa kazi na watoto wakubwa ilipo, na uwaambie ni dakika ngapi.