Bunduki fupi na mkono wako wa kushoto

Mdogo wangu wa Mafinga, sogea hapa jikoni, baridi ya huko kwenu naijua. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Nyani na nguruwe pori wanamaliza mahindi, baba ametangulia mbele za haki, bunduki yake ndefu imebaki uvunguni, nawe umeona bunduki fupi kwenye simu na sasa ile ya mzee unaiona ya kizamani. Sikucheki. Vijana wengi kuanzia Iringa hadi Uyole wamenasa kwenye tamaa hiyo hiyo.

Hizo fupi wenyewe wanaziita bulpapu. Bunduki tulizozoea, magazini, yaani kile kisanduku cha risasi, hukaa mbele ya kifyatulio. Hizi zimeirudisha nyuma, ndani ya kitako, jirani na shavu lako. Mtutu unabaki na urefu wake, bunduki nzima inakuwa fupi. Waustria walilipatia jeshi lao Steyr AUG mwishoni mwa miaka ya 1970, Wafaransa wakaja na FAMAS, na Waingereza SA80 mwaka 1985. Ndiyo wanayobeba askari wao wanaokuja mazoezini Nanyuki, Kenya. Askari anayepanda na kushuka kwenye gari la deraya anaushukuru ufupi ule.

Lakini kizuri hakikosi ila. Waliokaa nazo wanalalamika kwamba kifyatulio ni kizito na cha kusuasua, kwa sababu kinasukuma chuma kirefu mpaka huko nyuma. Mlio uko karibu na sikio. Kubadili magazini kunakukunja mkono hadi kwapani. Na wewe umeniandikia kwa kupita tu, kama si neno, kwamba ni mashoto! Jamani mdogo wangu. SA80 hutupa maganda upande wa kulia. Ukiiegemeza bega la kushoto, ganda la moto linakuja usoni mwako. Ndiyo maana Waingereza huwafundisha hata mashoto wao kutumia bega la kulia. AUG hugeuzwa, ila kwa kubadili vyuma vya ndani. Wafaransa wenyewe walianza kuiacha FAMAS mwaka 2017, wakachukua HK416, ambayo magazini yake iko mbele kama ya babu zetu.

Unaniambia utaona tofauti shambani. Tofauti gani, mpenzi? Shambani kwako hakuna gari la deraya. Nyani anaonekana akiwa mbali, una nafasi ya kusimama na kutulia, na hapo bunduki ndefu inakaa begani vizuri.

Nawe mtu wa Iringa, Lugalo unaijua. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliuvamia msafara wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, wengi wao wakiwa na mikuki. Wajerumani walikuwa na bunduki, lakini walibanwa njiani, wengi hawakuwahi kufyatua zaidi ya mara moja au mbili. Siku hizi nikiona mtu amependa silaha kwa sura yake, nawakumbuka wale Wajerumani.

Sasa nikukaripie kidogo, usinune. Silaha za kivita haziruhusiwi mikononi mwa raia hapa kwetu, kwa hiyo anayekunong'oneza kwamba atakupatia moja anakutafutia jela. Na ile ya uvunguni inanitisha zaidi kuliko ya kwenye simu. Kibali kilikuwa cha baba, kwa jina lake. Hakirithiwi kama shamba au ng'ombe. Najua kuitoa ndani ni kama kumzika mzee mara ya pili, na mama atalia. Lakini watoto wa dada yako wanacheza chumba hicho hicho, na mtoto hajui kama imejaa.

Usiibebe barabarani wala usiiguse kuikagua. Jumatatu nenda na kaka yako mkubwa polisi, mkiwa na kitabu cha kibali na cheti cha kifo, muwaeleze ilipo, wao watawaambia itolewe vipi. Ukitaka kuimiliki wewe, uliza hapo hapo utaratibu wa maombi. Mpaka Jumatatu ifike, chumba kile kifungwe, ufunguo akae nao mama. Kisha niandikie, hata kama ni kunililia.