Soma Saa ya Tiketi Kabla Hujafunga Sanduku

Malalamiko ya abiria walioachwa na ndege yana chanzo kinachojirudia: tiketi ilisomwa vibaya. Tumeonya, na tunaonya tena, kwamba saa ya tiketi si saa ya nyumbani. Chukua safari ya Nairobi hadi New York, yenye takriban kilomita 11,800, iliyopata ndege ya moja kwa moja Oktoba 2018. Tuseme ni Januari, ndege inaondoka Nairobi 23:00 na kutua New York 06:00. Msomaji wa haraka atahesabu saa 7. Wakati wa kurudi inaondoka 12:00 na kutua Nairobi 10:00 siku ya pili, na hesabu ileile inampa saa 22. Umbali haukubadilika. Angani ndege hukaa kama saa 15 kwenda na 14 kurudi, kwa kuwa pepo za juu zinazovuma kutoka magharibi huisukuma ikirudi. Kilichomdanganya msomaji ni kwamba kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika, na Januari New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani husogeza saa zao mbele, tofauti ikawa 7.

Atakayekosea hapo atampotosha tu ndugu anayemsubiri kule. Kosa linaloacha watu uwanjani liko kwingine, nalo ni usiku wa manane. Tiketi iliyoandikwa tarehe 15, 00:30, ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15. Abiria wa safari ya kimataifa anatakiwa kufika saa tatu kabla, maana yake awe uwanjani tarehe 14, saa tatu na nusu usiku. Anayekwenda jioni ya tarehe 15 ataambiwa ndege yake iliondoka jana usiku. Tunarudia: tarehe 14. Vilevile 05:00 si saa tano. Ni saa kumi na moja alfajiri, na aliyeisoma saa tano asubuhi amechelewa kwa saa sita nzima.

Wapo wanaosema tiketi ziandikwe kwa saa za Kiswahili, na hoja yao ina uzito, maana aliyelipa nauli ana haki ya kuelewa alichonunua. Lakini tiketi hiyohiyo itasomwa na mhudumu wa New York, ambaye saa yake haianzi kuhesabiwa na jua. Wengine husema simu itawakumbusha. Simu hukumbusha kile ilichoambiwa. Ukiingiza tarehe 15 usiku, itakuamsha ndege ikiwa imeshatua. Kiswahili chenyewe kina dawa ambayo wengi tumeiacha, neno “kuamkia”, linalofunga usiku na siku yake bila utata.

Viza, mizigo na chanjo vina masharti yake. Yasome kwenye tiketi na ubalozini. Kijitabu hiki kina ombi moja. Leo, si siku ya safari, andika kwa mkono juu ya tiketi: nitakuwa uwanjani tarehe fulani, saa fulani, usiku wa kuamkia siku fulani. Kisha mpe mtu mwingine aihakiki.