Shule Zinafunguliwa: Mkague Mtoto Afya Yake

Kila mwaka, mwezi wa Januari, shule zetu hufunguliwa. Wazazi tunahangaika na sare, madaftari, kalamu na viatu. Hayo yote ni ya lazima. Lakini liko jambo moja ambalo wengi tunalisahau. Jambo hilo ni afya ya mtoto mwenyewe. Sare mpya haimsaidii mtoto asiyeuona ubao. Daftari jipya halimsaidii mtoto anayesinzia kwa kukosa damu.

Leo tutajifunza namna ya kumkagua mtoto nyumbani kabla shule hazijafunguliwa. Kazi hii haihitaji fedha. Inahitaji macho yako, masikio yako na muda kidogo.

MVIVU AU MGONJWA?

Tuseme mwanao yuko darasa la 3. Mwalimu analalamika kwamba anasinzia. Nyumbani ukimtuma maji anachelewa, kwa sababu anapumzika njiani. Wewe unamwita mvivu. Pengine unamchapa.

Je, umewahi kumwuliza mkojo wake una rangi gani? Umewahi kutazama ndani ya ukope wake? Huenda mtoto huyo si mvivu hata kidogo. Huenda ana kichocho au safura. Fimbo haiwezi kutoa minyoo tumboni.

KICHOCHO

Kichocho huletwa na minyoo midogo inayoishi ndani ya mishipa ya damu. Mtoto huupata ugonjwa huu majini. Unaenea hivi:

1. Mgonjwa hukojoa au hujisaidia ndani ya maji au karibu na maji. Mayai ya minyoo huingia majini na kuanguliwa.

2. Vijidudu vinavyotoka katika mayai huingia ndani ya konokono wa majini. Humo huongezeka, kisha hutoka tena.

3. Mtoto anapooga, anapovua samaki au anapokanyaga maji ya mpunga, vijidudu hupenya ngozi yake. Yeye havioni.

Kichocho kiko cha namna mbili. Cha kwanza ni kichocho cha mkojo. Mtoto husikia maumivu akikojoa, na mkojo huwa na damu, hasa matone ya mwisho. Cha pili ni kichocho cha tumbo. Mtoto huumwa tumbo, huhara, na pengine choo chake huwa na damu. Kichocho cha tumbo kipo kwa wingi kandokando ya Ziwa Viktoria.

Wako watu wanaodhani kwamba mvulana akikojoa damu ni dalili ya kukua. Si kweli. Huo ni ugonjwa. Ukiachwa miaka mingi huharibu kibofu, figo au ini. Wasichana pia hupata ugonjwa huu, nao huona haya kusema. Basi mama, shangazi au bibi amwulize msichana kwa upole.

SAFURA

Minyoo ya safura huishi ndani ya utumbo na kunyonya damu. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi. Mtu akijisaidia porini au nyuma ya nyumba, mayai huanguliwa katika udongo wenye unyevu. Mtoto akipita hapo pekupeku, vijidudu hupenya ngozi ya miguu yake.

Mtoto mwenye safura hupungukiwa damu. Huchoka upesi na huhema akipanda mlima. Wengine hupenda kula udongo. Mpeleke kwenye mwanga, uvute ukope wa chini taratibu. Tazama na viganja vyake. Kama ni vyeupe kuliko vya wenzake, mpeleke zahanati. Malaria na chakula duni pia huleta upungufu wa damu, kwa hiyo ni lazima apimwe.

DAWA ZIPO

Kichocho hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli. Safura na minyoo mingine ya tumbo hutibiwa kwa albendazoli au mebendazoli. Katika sehemu zenye magonjwa haya, dawa hizo hutolewa pia shuleni. Ukipata habari kwamba siku ya dawa imefika, usimfiche mtoto nyumbani. Mpe chakula kwanza, kwa sababu prazikwanteli humezwa baada ya kula. Mtoto anaweza kusikia kichefuchefu au kizunguzungu. Kwa kawaida hali hiyo hupita baada ya muda mfupi. Kama mtoto ni mgonjwa siku hiyo, mwambie mwalimu kabla hajameza dawa.

Lakini dawa haimkingi mtoto asiambukizwe tena. Akirudi kuoga katika bwawa lile lile, atapata kichocho tena. Kwa hiyo jenga choo, na watu wote wa nyumbani wakitumie. Mtoto avae viatu, hata kama ni kandambili. Anawe mikono kwa sabuni atokapo chooni na kabla ya kula.

MACHO NA MASIKIO

Andika herufi kubwa 5 kwa mkaa juu ya kipande cha boksi. Msimamishe mtoto hatua 10 kutoka hapo, pamoja na mwenzake wa rika lake. Azibe jicho moja kwa kiganja, asome. Kisha azibe la pili. Kama mwenzake anasoma na yeye hawezi, akapimwe macho hospitali. Mwombe mwalimu amkalishe mbele. Miwani si ya wazee peke yao.

Kisha simama nyuma ya mtoto na umwite kwa sauti ndogo. Asipogeuka, huenda hasikii vizuri. Kama sikio linatoa usaha, nenda zahanati. Usitie mafuta wala maji ya majani, na usichokoe kwa kijiti.

CHAKULA NA USINGIZI

Mtoto asiende shule na njaa. Uji wa mahindi, mtama au ulezi uliotiwa karanga zilizopondwa humpa nguvu. Kama shule yenu inapika chakula cha mchana, toa mchango wako mapema baada ya mavuno.

Wiki 2 kabla ya shule kufunguliwa, mzoeze mtoto kulala mapema na kuamka mapema. Alale ndani ya chandarua chenye dawa. Katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma, ugawaji wa vyandarua kwa wanafunzi ulianza mwaka 2013. Mtoto akileta chandarua kutoka shuleni, akilalie. Kisiwe cha kufugia kuku wala cha kuvulia samaki.

Ndugu msomaji, usingoje mwalimu akuite. Mkague mtoto wiki hii, ili zahanati imtibu kabla masomo hayajaanza. Kinga ni bora kuliko tiba.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kichocho kinaenezwaje? Watoto wa kijiji chetu huoga wapi?

2. Taja dalili 3 za mtoto aliyepungukiwa damu.

3. Kwa nini mtoto ale kabla ya kumeza prazikwanteli?

4. Nyumba ngapi katika kitongoji chenu hazina choo? Mtafanya nini pamoja ili zipate vyoo?